Fuata Ardhi, Usifuate Jina: Nasaba za Walowezi wa Kinorwei katika Nyanda za Dakota

Mtu anayetaka kuandika nasaba ya ukoo wake huanza na jina, na katika sehemu nyingi za dunia hakosei. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kwa familia za wahamiaji waliolowea katika nyanda za kati za Marekani baada ya mwaka 1862, jina ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote, na ardhi ndiyo yenye kauli ya mwisho. Nitaitetea hoja hiyo kwa kuwaangalia Wanorwei waliokwenda Dakota kuanzia miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Norwei ilitoa watu zaidi ya 800,000 katika miaka mia moja iliyoanza 1825, mwaka ambao jahazi dogo liitwalo Restauration lilitweka tanga bandarini Stavanger kuelekea New York. Kwa nchi yenye watu wachache kama ile, na ambayo ardhi yake ya kulimika ni kipande kidogo kati ya milima na bahari, hilo lilikuwa pengo kubwa. Nimewachagua Wanorwei pia kwa sababu nyaraka zao zimetunzwa vizuri pande zote mbili za Atlantiki. Mtafiti akikwama, mara nyingi tatizo si uhaba wa karatasi. Ni kwamba aliingia kwa mlango usio wake.

Mlango huo usio wake ni jina. Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana utaratibu wa majina wa Wanorwei wa mashambani, kwani nusu yake anaujua: Ali bin Juma ni mtoto wa Juma, na mwanawe ni Hamisi bin Ali. Vivyo hivyo Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen, mwanawe Lars akaitwa Lars Olsen, na binti yake akawa Olsdatter, jina alilobaki nalo hata alipoolewa. Nusu ya pili ndiyo ngeni kwetu. Nyuma ya jina la baba liliwekwa jina la shamba mtu alipokaa, nalo lilikuwa anwani tu. Ole Hansen akiishi katika shamba la Bakken, kasisi alimwandika Ole Hansen Bakken. Akihamia shamba la Lien kwa kuoa au kwa kutafuta kazi, ubatizo wa mtoto wake wa pili uliandikwa chini ya Lien. Wengi waliohama hawakuwa hata wenye mashamba. Walikuwa vibarua waliopewa kibanda na kipande cha kulima pembeni mwa shamba la tajiri, wakalipa kwa siku za kazi, nao pia waliandikwa kwa jina la shamba lile. Kwa hiyo tajiri na kibarua wake wangeweza kubeba jina moja bila tone la damu ya pamoja, na ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kubeba majina mawili kwa sababu mmoja alihama bonde. Sheria ya kuwataka Wanorwei wote wawe na jina la ukoo lisilobadilika ilikuja mwaka 1923, wakati sehemu kubwa ya wahamiaji walikuwa wameshaondoka.

Walipofika Marekani walitakiwa kuwa na jina moja la kudumu kwa ajili ya benki, posta na ofisi ya ardhi, na kila mmoja alichagua kivyake. Kaka mkubwa alishika jina la baba, wa pili akashika shamba alikozaliwa, wa tatu akashika shamba alilotokea mwisho kabla ya kupanda meli. Hata waliochagua jina la baba walilazimika wakati mwingine kuliacha, maana katika eneo lenye akina Ole Olson wanne barua zilikuwa hazifiki. Mjukuu wa leo anayetafuta Bakken wote wa Dakota Kaskazini atakusanya watu wasiohusiana, kwa kuwa shamba lenye jina hilo liko karibu kila wilaya ya Norwei, na atawaacha nje ndugu wa babu yake halisi. Sina budi kutaja hapa ile hadithi isiyokufa, kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na karani mvivu wa Ellis Island. Kituo cha kupokelea wahamiaji cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, wakati walowezi wengi wa Dakota tayari walikuwa na mazao ghalani. Isitoshe, makarani wa kituo hicho walifanya kazi kwa orodha za abiria zilizoandikwa na kampuni za meli kwenye bandari za Ulaya. Hawakuwa na kazi ya kumbatiza mtu upya. Majina yalibadilishwa na wenyewe, baadaye, na kwa sababu zao. Hadithi ya karani inapendwa kwa sababu inamwondolea babu lawama.

Basi tuangalie ardhi. Sheria ya Homestead ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Ilimpa mkuu wa familia, au mtu yeyote aliyefikisha miaka 21, haki ya kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali kuu, maadamu ni raia au ameshatangaza nia ya kuwa raia, na hajawahi kubeba silaha dhidi ya Marekani. Ada zote hadi mwisho zilikuwa kama dola 18. Mwombaji alipaswa kuishi hapo na kulima kwa miaka 5, kisha athibitishe. Maombi kama milioni 1.6 yalifika mwisho wa safari hiyo, yakachukua ekari zipatazo milioni 270, yaani kama sehemu ya kumi ya ardhi yote ya nchi. Ardhi yenyewe ilikuwa imepimwa kabla, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1785: miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya ekari 640, na kila kipande robo nne. Kwa mtafiti wa nasaba, huo ndio uzuri wote. Robo ya kaskazini-mashariki ya kipande cha 14 katika mraba fulani haibadilishi tahajia, haiolewi, haihami bonde. Ole anaweza kuwa Hansen, Hanson au Bakken katika karatasi tatu tofauti, lakini akiwa amesimama juu ya robo ileile katika zote tatu, ni mtu yuleyule.

Utajiri zaidi uko ndani ya jalada la kila ombi. Serikali haikuitoa hatimiliki kwa neno la mwombaji peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1870 alitakiwa kutangaza katika gazeti la karibu siku ya kuthibitisha, akitaja majirani wanne ambao wawili kati yao wangetoa ushahidi. Siku ikifika, yeye na mashahidi waliulizwa maswali yaleyale yaliyopigwa chapa: ana umri gani, alizaliwa wapi, ana mke na watoto wangapi, aliingia lini katika nyumba, nyumba ina upana gani na madirisha mangapi, kisima kina kina gani, amelima ekari ngapi na kwa misimu mingapi, aliondoka lini na kwa nini. Mgeni wa kuzaliwa aliambatisha karatasi zake za uraia. Majalada haya yako katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na yale ya kabla ya Julai 1908 yamepangwa kwa ofisi ya ardhi na namba ya cheti, hayakupangwa kwa majina. Huo ndio mpangilio wanaoulalamikia wageni wengi wa nyaraka hizo. Mimi nauona kama ushauri wa bure: serikali yenyewe ilipowatafuta watu hawa ilianza na mahali.

Ubora wa jalada unaonekana zaidi ukilinganisha na vyanzo vingine vinavyotegemewa. Sensa ya taifa ya 1890, ambayo ingewanasa walowezi wa Dakota katika kilele cha wimbi lao, iliharibiwa karibu yote kutokana na moto wa Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington. Kati ya sensa ya 1880 na ile ya 1900 pana shimo la miaka 20, na ndani ya miaka hiyohiyo reli zilisambaa, Dakota ikafurika watu, na mwaka 1889 ikagawanywa kuwa majimbo mawili. Sensa ya eneo la Dakota ya 1885 inasaidia pale ilipobaki. Jalada la ardhi linaziba shimo lenyewe kwa kumfuata mtu mwaka hadi mwaka. Orodha za meli nazo zina hila yake. Baada ya Uingereza kufuta sheria zake za ubaharia mwaka 1849, meli za Norwei zilianza kupeleka abiria Quebec na kurudi na mbao, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia kuu. Orodha za abiria wa Quebec zilizotunzwa zinaanzia 1865, na mpaka wa nchi kavu kati ya Kanada na Marekani haukuwa na kumbukumbu za kuvuka hadi 1895. Anayemtafuta babu wa miaka ya 1850 katika vitabu vya New York anamtafuta kwenye bandari ambayo huenda hakuiona kamwe. Hata karatasi za uraia, zikisomwa peke yake, hupotosha. Hadi 1905 Norwei ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Sweden, hivyo mlowezi wa Kinorwei aliapa kumkana Mfalme wa Sweden na Norwei, na wapo wajukuu waliohitimisha kutokana na kiapo hicho kwamba wao ni Waswidi.

Hata hivyo, jibu zuri zaidi ndani ya jalada halimhusu mwombaji. Linawahusu wale majirani wanne. Walowezi hawakutapakaa uwandani kama mbegu zilizomwagwa; walikuja kwa mafungu, fungu moja likifuata barua za jingine, na aghalabu hawakutoka Norwei moja kwa moja. Walikaa kwanza Wisconsin au Iowa, watoto wao wakasogea Minnesota, na wajukuu wakaingia Dakota wakiwa na wazee wao wachache. Katika kila kituo waliketi karibu na watu wa bonde lao la asili. Mtu aliyeombwa aende ofisi ya ardhi, pengine safari ya siku nzima kwa gari la ng'ombe, akaape kuhusu kisima cha mwenzake, hakuwa mpita njia. Alikuwa shemeji, binamu, baba wa ubatizo, au mtu wa parokia moja. Tuchukue mfano wa kubuni: Ole Hansen wa Dakota hajulikani alikotoka, kwa kuwa jalada lake linasema amezaliwa Norwei na kukoma hapo. Shahidi wake wa kwanza anabeba jina la shamba la nadra lililopo katika parokia moja tu ya bonde la Valdres, Norwei. Daftari la kanisa la Kilutheri ambako shahidi huyo alibatizia watoto wake linaonyesha kwamba mke wa shahidi ni dada yake Ole. Kwa hatua mbili tumefika parokia, na jina la Ole lenyewe halijatusaidia kitu. Hiyo ndiyo kazi ya majirani, na haifanyiki kwa kuandika jina katika kisanduku cha kutafutia na kungoja bahati.

Tukivuka bahari tukafika Norwei, tunakuta jambo ambalo kwangu ndilo uthibitisho mkubwa wa hoja hii. Wanorwei wenyewe, walipoandika historia za wilaya zao, hawakuzipanga kwa koo. Vile vitabu vinene viitwavyo bygdebok hupangwa shamba kwa shamba: nani alilishika, alimwoa nani, watoto wao wakaenda wapi, na mara nyingi mwisho wa mstari ni neno moja, Amerika. Madaftari ya makasisi yaliandika pia waliohama parokia, na polisi wa Christiania, mji unaoitwa Oslo leo, walianza kuweka orodha za wahamiaji mwaka 1867. Nao wahamiaji huko Marekani waliunda vyama vya watu wa bonde moja, cha kwanza kikiwa cha watu wa Valdres mwaka 1899, na vyama hivyo viliandika kumbukumbu zao kwa mabonde na mashamba. Basi pande zote mbili za bahari ufunguo ni uleule. Mtafiti anayetoka kwenye robo ya kipande hadi kwenye shamba la bondeni anatumia utaratibu ambao wahusika wenyewe waliutumia kutambuana.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba watu walidanganya mbele ya ofisi ya ardhi. Ni kweli. Fasihi ya nyanda zile imejaa vibanda vilivyowekwa magurudumu ili vihamishwe kutoka robo moja hadi nyingine siku ya ukaguzi, na mashahidi walioapiana zamu kwa zamu. Mwombaji aliruhusiwa pia kukatisha miaka 5 kwa kununua kila ekari kwa dola 1.25 baada ya muda mfupi wa kukaa, na njia hiyo iliwavutia walanguzi. Kwa miongo mingi wanahistoria walichukulia udanganyifu kuwa ndio hali ya kawaida. Mwaka 2017 Richard Edwards, Jacob Friefeld na Rebecca Wingo walichapisha utafiti uliorudi kwenye majalada ya Nebraska yenyewe, badala ya kurudia visa vya kuchekesha, na wakaonyesha kwamba udanganyifu ulikuwa mdogo sana kuliko ilivyodhaniwa. Lakini hata bila utafiti huo, pingamizi halivunji hoja, kwa sababu uongo una mwelekeo. Mtu husema uongo pale anapofaidika. Kijana aliyehitaji kufikisha miaka 21 alijiongezea umri. Hakuwa na sababu ya kujipunguzia. Mlowezi aliyekuwa mjini akifanya kazi ya seremala majira yote ya baridi alificha safari zake. Hakuwa na sababu ya kusema uongo kuhusu idadi ya watoto wake au alikozaliwa mkewe. Kwa hiyo umri katika jalada husomwa ukiwa na ubatizo wa Norwei pembeni, ambao kasisi aliuandika kabla ardhi haijawa na faida kwa yeyote, na pale vinapogongana ubatizo unashinda. Wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo waliopokelewa kama wakimbizi katika miji ya Fargo na Sioux Falls, palepale Dakota, wanaijua hali ya aina hii kwa upande mwingine: katika karatasi zao wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu fomu ilidai tarehe na mtu hakuwa nayo. Mtafiti wa miaka mia ijayo atakayeamini tarehe hiyo atakosea, na atakayeitupa karatasi yote kwa sababu ya tarehe hiyo atakosea zaidi.

Pingamizi la pili linasema kwamba njia hii huwaona washindi tu. Wengi waliacha kabla ya miaka 5: ukame, nzige, riba, upweke, kifo cha mke. Wengine walikodi tu, au walinunua haki ya mtu aliyejitoa, biashara iliyoshamiri sana ingawa sheria haikuikusudia. Hawa hawana hatimiliki, na jina lao halimo katika faharasa ya hatimiliki zilizotolewa. Lakini hapa ardhi inashinda tena. Ofisi za ardhi ziliweka madaftari ya viwanja ambamo kila robo ina mistari yake, na kila aliyeiomba aliandikwa, akiwemo aliyefutwa. Majalada ya maombi yaliyofutwa nayo yapo, ila bila namba ya kipande huwezi kuyafikia. Kwa maneno mengine, aliyeshindwa ndiye hasa asiyepatikana kwa jina na anayepatikana kwa mahali. Ukijua mahali kaka yake alipofaulu, pekua robo zinazopakana nayo, na mara nyingi utamkuta: ameomba, amelima misimu miwili, amefutwa.

Wanawake wanahitaji maneno yao. Mwanamke aliyekuwa na mume hakuweza kwa kawaida kuomba ardhi kwa jina lake, na kuanzia 1855 hadi 1922 mwanamke mgeni aliyeolewa na raia, au ambaye mumewe alipata uraia, aliupata kupitia kwake, kwa hiyo hana karatasi zake mwenyewe. Ukifuata majina unaweza kumaliza vizazi vinne ukiwa na akina mama wasio na wazazi. Lakini mwanamke asiyeolewa mwenye miaka 21, mjane, na aliyeachika waliruhusiwa kuomba sawa na mwanamume. H. Elaine Lindgren, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu Dakota Kaskazini, alionyesha kwamba wanawake wa namna hii hawakuwa visa vya pekee. Katika maeneo mengi walikuwa kama mmoja kati ya waombaji kumi. Mabinti wa Kinorwei waliomba robo inayopakana na ya baba kabla tu ya kuolewa, na jalada la binti huyo, lenye jina la ujanani, umri, mahali alipozaliwa na baba kama shahidi, mara nyingi ndilo hati ya pekee ya Marekani inayomuunganisha na wazazi wake. Mjane naye alithibitisha shamba la marehemu, na hapo jalada linabeba tarehe ya kifo ambayo kaunti haikuwa ikiisajili bado.

Kuhusu vinasaba nitasema kidogo, kwa sababu pingamizi lake ni la mtindo kuliko la hoja. Kipimo cha mate kinaweza kuonyesha kwamba watu wawili wana uhusiano. Hakisemi ni nani, wapi, wala kwa ndoa ipi. Kwa watu wa mabonde yaliyofungwa na milima, ambamo koo zilioana kwa karne nyingi, kipimo huonyesha udugu wa karibu kuliko ulivyo, kwa kuwa watu wanashiriki mababu kwa njia nyingi kwa pamoja. Matokeo yake yanahitaji mtu mwenye orodha ya nani aliishi wapi.

Limebaki pingamizi linalotoka upande mwingine kabisa. Kama kweli tunafuata ardhi, kwa nini tunaianza kwa Mnorwei? Madaftari ya viwanja huanza siku serikali ilipofungua mlango, na kabla ya siku hiyo palikuwa na wenyewe. Mwaka uleule wa 1862, Agosti, vita vililipuka Minnesota kati ya Wadakota, wenyeji hao, waliokuwa wananyimwa malipo na chakula walichoahidiwa kwa mikataba, na walowezi na jeshi. Tarehe 26 Desemba wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Siku sita baadaye Sheria ya Homestead ilianza kutumika. Wadakota wengi walifukuzwa Minnesota mwaka huo wa 1863. Kisha ikaja Sheria ya Dawes ya 1887, iliyokata maeneo ya makabila kuwa vipande vya watu binafsi na kuyatangaza mabaki kuwa ya ziada: ardhi iliyokuwa mikononi mwa wenyeji kote nchini ilishuka kutoka ekari kama milioni 138 hadi milioni 48 kufikia 1934. Katika eneo la Wadakota la Spirit Lake, Dakota Kaskazini, mabaki hayo yalifunguliwa kwa walowezi mwaka 1904. Mwanasosholojia Karen V. Hansen, katika kitabu chake cha 2013, ameonyesha kwamba kufikia 1929 Waskandinavia walikuwa na ardhi nyingi ndani ya mipaka ya eneo hilo kuliko Wadakota wenyewe.

Wako watakaosema hii ni siasa, na kwamba mwandishi wa nasaba anatafuta wazazi wa wazazi, hatafuti hatia. Sitaki kubishana nao juu ya hatia. Nataka kubishana nao juu ya ukamilifu wa utafiti, kwani wanaacha mezani karatasi zinazomtaja babu yao. Chini ya Sheria ya Dawes, mgao wa Mdakota mkuu wa familia ulikuwa ekari 160, robo ya kipande kilekile, kwa namba zilezile za upimaji. Majina ya Wadakota yaliharibiwa na makarani vibaya kuliko ya Wanorwei, ndugu wa baba mmoja wakipewa majina ya ukoo tofauti, hivyo nao hufuatwa kwa namba ya mgao na kwa orodha za sensa za wenyeji zilizoandikwa kati ya 1885 na 1940. Mwaka 1902 sheria iliruhusu warithi wa mgao wa marehemu kuuza ardhi hiyo, na mwaka 1910 Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye nchini Marekani husimamia ardhi, alipewa mamlaka ya kuamua nani ni mrithi. Mashauri hayo ya mirathi yana ushahidi wa majirani juu ya ndoa, vizazi na vifo ambao hata jalada la mlowezi haliufikii. Mnunuzi au mkodishaji katika karatasi nyingi za aina hiyo ni jirani mwenye jina la shamba la Norwei. Mjukuu asiyempata babu yake kati ya walioomba robo ya bure, na ambaye katika sensa ya 1910 anamkuta ndani ya Spirit Lake akiwa mwenye shamba, hana haja ya kukisia alilipataje. Achukue namba ya kipande, aulize mgao ule ulikuwa wa nani, kisha aombe jalada la mirathi la Mdakota huyo.